Daftari la Korongo

Bunia si mji wa kusimulia hekaya za wanyama bila kwanza kujieleza. Kati ya 1999 na 2003 watu wa Ituri walijionea kinachofuata pale jirani anapovuliwa ubinadamu kwa maneno, kisha kwa mapanga, hadi Umoja wa Ulaya ukatuma askari wa operesheni Artemis mwezi Juni 2003 kuja kuulinda mji. Kwa hiyo niweke wazi mapema: humu Fuko si kabila, Kunguru si kabila, Fisi naye si kabila. Ukimtafuta jirani yako utampata, ila utamtambua kwa kazi anayoifanya, si kwa ukoo wake.

Basi, palikuwa na kijiji cha wanyama kati ya vilima vya Kilo na mto Shari. Upande wa mashariki ardhi inateremka hadi Ziwa Albert, na ng'ambo ya ziwa kuna kijiji kingine, ambacho wanyama wa huku walikiita Ng'ambo tu, kwa sauti ya mtu anayemtaja mkwe tajiri.

Kila Oktoba, baridi inapoanza kuuma Ulaya, korongo weupe hufuata bonde la Nile kuja kwenye jua. Mwaka mmoja, mmoja wao hakuja kwa ajili ya panzi peke yake. Mguuni alikuwa na pete yenye namba, ile wanayovishwa na wataalamu wa ndege huko kwao, na kijijini pete ile ilitosha: mwenye pete ana gari lenye bendera, ana chumba kwenye hoteli yenye jenereta, na akikohoa kuna mtu anaandika. Kwapani alibeba daftari. Jalada lilisema: Sifa za Pamoja za Vijiji Vinavyoendelea. Ndani kulikuwa na visanduku vya kutia alama, vilivyochapwa kabla mwenyewe hajaruka kutoka kwao: kipato kidogo, uzazi mwingi, elimu duni, barabara mbovu, ukosefu wa mtaji, kuuza mali ghafi, madeni, na vingine vya ukoo huo.

Akamwajiri Kasuku awe mkalimani. Kasuku alijua Kifaransa cha misheni na Kiswahili cha sokoni, na alijua jambo la tatu ambalo halifundishwi popote, nalo ni kufupisha jibu la mnyama mpaka lienee kwenye kisanduku.

Walianza na Fuko.

Fuko alikuwa mchimbaji katika shimo la Nguruwe-pori. Nguruwe-pori aliitwa PDG, kama wanavyoitwa kweli wenye mashimo ya dhahabu kule Mongbwalu, wawe na viatu au wasiwe navyo. Mafuko kumi na wawili waliingia shimoni kabla ya jua na kutoka baada yake, kwa hiyo kuhusu jua hawakuwa na la kusimulia. Siku ya kugawana, kwanza yalitolewa mafuta ya pampu. Ikatolewa posho ya maharage na bugali. Ikatolewa zebaki, likatolewa fungu la mwenye ardhi, fungu la serikali, na fungu la yule aliyesimama pembeni na bunduki bila kusema yeye ni wa serikali au siye. Kilichobaki PDG alichukua nusu. Nusu ya pili ikawa ya mafuko wote kumi na wawili, na fungu la Fuko wetu lilikuwa chembe iliyokaa vizuri chini ya ukucha.

Aliipeleka kwa Kunguru. Korongo na Kasuku wakafuatana naye, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana kwenye chumba cha Kunguru ndiko uchumi wa kijiji kizima ulikokuwa unapita, na chumba chenyewe kilikuwa hatua nne kwa tatu. Juu ya meza palikuwa na mzani wa kuning'inizwa kwa mkono, visahani viwili vya shaba. Kunguru aliiweka chembe kwenye kijiko, akakiweka kijiko juu ya makaa ili zebaki iliyosalia ipande kwa moshi. Moshi ulipanda. Vifaranga vyake viwili vilikuwa vinacheza chini ya meza. Kisha akaipuliza chembe kuondoa vumbi, akaipuliza tena, maana kwa mnunuzi kila mpulizo una bei yake, akaitua kwenye kisahani. Kwenye kisahani cha pili hakuweka jiwe la gramu. Aliweka njiti ya kiberiti. Mizigo mikubwa Kunguru aliipima kwa tola, kipimo cha Wahindi cha gramu 11.66 kilichosafiri na wafanyabiashara mpaka Ituri, lakini Fuko hajawahi kufika kwenye tola. Yeye ni wa njiti.

"Njiti moja kasoro," alisema Kunguru.

"Patron, wiki iliyopita ilikuwa njiti moja kamili, na chembe ilikuwa ndogo kuliko hii."

"Njiti za wiki iliyopita zilikuwa za kiberiti kingine."

Akafungua kitabu chake. Fuko alikuwa na deni la tochi, deni la dawa za mtoto na deni la deni. Chembe ikaingia humo, ikapotea, na Fuko akaondoka na mche wa sabuni na nusu kilo ya sukari, vyote kutoka Ng'ambo.

Korongo aliguswa sana. Akatia alama kwenye kipato kidogo, akatia kwenye madeni. Halafu kalamu ikasimama juu ya ukosefu wa mtaji. Akamuuliza Kunguru pesa zake anazitoa wapi. Kunguru hakuona aibu. Pampu ya PDG aliikopesha yeye, na dhahabu ya PDG ni lazima ije kwake, kwa bei atakayoitaja yeye. Fedha za kukopeshea alipewa na Hondohondo wa Ng'ambo, na dhahabu ya Kunguru ni lazima iende kwa Hondohondo. Hondohondo naye alikuwa na wake, Kozi mmoja wa jangwani, mbali sana, kwenye mji wa minara ya vioo. Kila mmoja ana patron, na kila patron ana patron.

Kasuku akatafsiri: hana mtaji wake mwenyewe. Alama ikatiwa.

Nami hapo ningemshika Korongo mkono kidogo. Mtaji gani unaokosekana? Huo hapo, unaamka mapema kuliko jogoo. Unafika hadi kwenye mdomo wa shimo, katika njia ambazo daktari na nguzo ya umeme havijawahi kufika. Unajua jina la mtoto wa Fuko anayeumwa. Kinachokosekana ni mtaji unaokubali kulala kijijini. Na si jambo la jana. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa 1903, uchimbaji ukaanza 1905, kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa 1926, na wazee wa wazee wetu wakapelekwa mashimoni kwa amri, kila chifu akidaiwa idadi yake ya wanaume. Maporomoko ya Shari pale Budana yalifungwa mitambo ya umeme, na umeme ule ulitakiwa kwanza na mashine za kusaga mawe, siyo na nyumba za walioyachimba. Mwanga ulipofika kijijini ulifika kwa bahati, kwa kuwa nyaya zilikuwa njiani.

Mama Panya alihojiwa nyumbani kwake, kwenye turubai.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Wa kuzaa au wa kubaki?"

Kasuku alitafsiri: kumi na mmoja. Korongo akakiendea kisanduku cha uzazi kwa furaha isiyofichika, kwa kuwa hicho ndicho kisanduku kinachopendwa na korongo wote. Na kweli, mama wa Kikongo kwa wastani huzaa watoto takriban sita, nchi imepita watu milioni 100, na nusu yao hawajatimiza hata miaka 18. Lakini Mama Panya alikuwa bado anazungumza.

"Nilizaa kumi na mmoja. Malaria ilichukua wawili. Mmoja alibaki njiani usiku ule tuliokimbia. Mmoja alikwenda shimoni na shimo likamkalia. Saba waliobaki ndio watakaonilisha nikizeeka, kama hawatakwenda Kampala na kunisahau. Na wewe, Bwana Korongo, uzeeni utalishwa na nani?"

"Mimi nina bima," alisema Korongo.

"Bima," Mama Panya alirudia, akitikisa kichwa kwa heshima. "Huyo ni mtoto wako wa ngapi?"

Shuleni hawakukaa. Mwalimu Bundi alikuwa mbele ya watoto zaidi ya mia moja katika chumba cha hamsini, tangu serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba shule ya msingi ni bure. Tangazo zuri, sina neno nalo. Ila Bundi alikuwa NU, yaani mwalimu mpya ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara, na upya wake ulikuwa umeanza kuota mvi. Zamani wazazi walimlipa kidogo kidogo kwa kuku na maharage. Sasa wazazi wanajua ni bure, serikali inajua anafundisha, na Bundi anakula kwa kifungu cha 15, ile sheria ya mzaha ambayo kila Mkongo anaijua kwa moyo kuliko katiba: jitegemee, hangaika mwenyewe. Mchana anafundisha, usiku anawinda. Watoto wa Mama Panya huketi dawati la mbele, na Bundi hujitahidi kuwatazama kama wanafunzi.

Barabarani walimpanda Kobe. Kobe alikuwa anapandisha samaki wa chumvi kutoka Kasenyi, ufukweni mwa ziwa, kuwaleta soko la Bunia, na Korongo alitaka kuona kwa macho yake ubovu wa barabara. Aliuona. Lakini alishangaa kwamba Kobe hakulalamikia mashimo. Mashimo, alisema Kobe, yanakula mguu tu. Kinachomla yeye mzima ni bariyeri.

Kwenye kona ya kwanza palikuwa na mwanzi uliolazwa kwenye nguzo mbili, ncha moja imefungwa jiwe, na Fisi chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Samaki wawili. Kona ya pili, Fisi mwingine, huyu na sare na karatasi ya mhuri. Samaki watatu, mmoja akiwa wa mhuri. Kona ya tatu, Fisi asiye na sare ila ana bunduki ileile. Kufikia mjini, Kobe alikuwa amebaki na gunia jepesi na kumbukumbu ya samaki.

Korongo aliteremka kwenye bariyeri ya mwisho, akamuuliza Fisi kwa upole kama hajui kwamba anaua biashara.

"Mimi najua," alisema Fisi, na hakuwa Fisi mbaya. "Mshahara wangu unatoka Kinshasa. Unapita kwa mikono mingi, kila mkono una bariyeri yake. Ukifika huku umekuwa kama huyu samaki wa Kobe. Mimi niko bariyeri ya mwisho tu, ndiyo sababu unaniona. Zile za kwanza ziko ndani ya ofisi, haziwekwi mwanzi."

"Na barabara ikitengenezwa?"

"Kobe atapita mbio. Nani atasimama tena?"

Tangu 6 Mei 2021 Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi, gavana akiwa mwanajeshi, ili fisi wasio na sare waondoke. Msafiri wa leo atakwambia mwenyewe kama mianzi imepungua au imebadilisha rangi ya sare. Korongo, kwa upande wake, alikuwa na visanduku viwili vya kutia, barabara mbovu na rushwa, akavitia vyote viwili, akapanda gari.

Mwezi Machi, siku chache kabla ya kurudi kwao, aliitisha baraza sokoni na kusoma matokeo. Kijiji kilikuwa na sifa zote. Hakuna kisanduku kilichobaki kitupu, na Kasuku alilitamka hilo kwa majivuno kiasi kwamba baadhi ya wanyama walipiga makofi, wakidhani wamefaulu. Korongo akaeleza kwamba umasikini wa kijiji ni duara: kipato kidogo huzaa akiba ndogo, akiba ndogo huzaa mtaji mdogo, mtaji mdogo huzaa kipato kidogo. Alichora duara lile mchangani kwa mdomo wake mrefu. Lilikuwa duara safi, limefungwa pande zote, halina mlango wa kuingilia wala wa kutokea.

Fuko alikuwa amekaa mstari wa mbele. Haoni vizuri, kama mafuko wote, kwa hiyo aliligusa duara kwa mkono, akalizunguka lote taratibu.

"Mkubwa," alisema, "dhahabu inatokea wapi hapa?"

"Haimo. Huu ni mchoro wa umasikini."

"Mimi nimechimba miaka yote hii. Baba alichimba, na babu alichimba kwa fimbo. Umepima sahani zetu, umepima watoto wetu, umepima mpaka mashimo ya barabara. Umepima kilichobaki. Kilichotoka umekipima wapi?"

Kasuku alijaribu kufupisha, akashindwa, ikabidi atafsiri lote. Korongo alipekua daftari mbele na nyuma. Hakikuwepo kisanduku. Kwa kuwa alikuwa korongo mkweli, wako hivyo wengi wao, alisema anachokijua: dhahabu ile inapimwa na mwenzake, korongo mwenye pete ya namba nyingine, ambaye kituo chake kiko Ng'ambo. Kule inaingia kwenye daftari chini ya mauzo ya nje. Kusema kweli, aliongeza, daftari la Ng'ambo limependeza sana miaka hii. Lina kichwa kinachosema ukuaji.

Sokoni pakanyamaza, isipokuwa Kunguru aliyekuwa anatafuta kitu mfukoni.

Hapa hekaya haina haja ya kutiwa chumvi. Uganda leo inapata fedha nyingi zaidi kwa kuuza dhahabu nje kuliko kwa kahawa iliyoijengea jina, wakati migodi yake yenyewe haiwezi kutoa dhahabu ya kiasi hicho, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara kwamba sehemu yake huvuka kwa magendo kutoka Ituri na jirani zake. Kongo ilimshitaki jirani huyo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa vita na uporaji wa wakati ule wa 1998 hadi 2003. Mwaka 2005 mahakama ikasema Kongo ina haki. Ikabaki hesabu, na hesabu ilichukua zaidi ya miaka 16. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 ikapewa dola milioni 325, zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Kwa roho za watu na majeraha, milioni 225. Kwa nyumba na mali, milioni 40. Kwa maliasili zote, dhahabu ikiwemo, milioni 60. Njiti moja kasoro.

Na msidhani kila aliyekula yuko Ng'ambo. Ulianzishwa mfuko wa kuwalipa waathirika, makao yake Kisangani, na mwaka 2025 aliyekuwa waziri wa sheria alihukumiwa miaka 3 ya kazi za sulubu katika kesi ya dola milioni 19 zilizotoka kwenye fedha hizo. Bariyeri za ofisini, alikwisha kuzisema Fisi. Hata madeni yana tabaka zake: Julai 2010 wakopeshaji wakubwa waliisamehe Kongo mzigo wa dola bilioni 12.3, kwa sherehe na hotuba, lakini kitabu cha Kunguru hakikuhudhuria sherehe hiyo.

Korongo alirudi kwao. Aliandika ripoti nzuri, na kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, aliweka swali la Fuko kama jambo linalohitaji utafiti zaidi. Wakubwa wake waliupenda ukurasa ule, ila bajeti ilikuwa imekwisha kupangwa: semina ya siku tatu, Bunia, ya kuwajengea wanyama uwezo wa kuutambua umasikini wao. Ukumbi ulipatikana kwa Kunguru, aliyekuwa amejenga mpya. Chakula kilitolewa na mke wa PDG. Mada ya kwanza, mnyororo wa thamani, iliwasilishwa na Kunguru mwenyewe, kama mdau, na wote walikiri kwamba aliijua mada yake.

Fuko alihudhuria siku zote tatu. Alikaa akatazamishwa picha ukutani ambazo hakuweza kuziona, akala kuku mara tatu, na mwisho akatia dole gumba kwenye orodha ya waliohudhuria, akapewa bahasha. Ndani mlikuwa na noti ya dola kumi, ya kwanza kuishika maishani. Aliipeleka moja kwa moja duka la dawa.

Muuza dawa aliinyoosha kwenye mwanga. Pembeni ilikuwa na mpasuko, mdogo, usiofika ukubwa wa punje ya mchele. Kila anayeishi Kongo anajua mwisho wa kisa hicho: faranga hata ikichakaa mpaka inuke samaki inapokelewa, lakini dola ikipasuka kidogo tu ni karatasi.

"Hii haipiti, papa," alisema muuza dawa. "Jaribu kwa Kunguru. Yeye anazichukua."

Kunguru alizichukua kweli, kwa maana alikuwa na mtu wa kumpelekea Ng'ambo. Aliigeuza noti, akaipuliza, akautazama mpasuko kwa jicho moja, halafu kwa la pili.

"Saba," alisema.

"Patron, imeandikwa kumi."

"Imeandikwa kumi. Imepasuka tatu."

Akafungua kitabu, akatafuta ukurasa wa Fuko, akaandika saba kwenye deni la tochi.